Namba Nane, Mlango wa Kijani

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Kijiko anaolewa! Umesikia, mdogo wangu? Mwanao anaolewa! Weka mkasi chini, acha hiyo nguo ya watu, piga kigelegele kwanza ndipo uendelee kusoma.

Haya. Sasa hujambo? Mgongo unaendeleaje, na cherehani? Mimi mzima kabisa, nimenenepa kwa furaha. Usiniulize mbona sikupiga simu. Simu inameza maneno, na tena simu huwezi kumwonyesha jirani. Barua unaishika mkononi, unapita nayo dukani, mtu mwenyewe anauliza, "Mama Kijiko, hiyo ya wapi?"

Sikiliza ilivyokuwa. Jumamosi tatu zilizopita nilikuwa barazani nachambua maharage. Nikaona mwanamume na mwanamke wanatokea kituo cha basi, wanahesabu milango kwa kidole. Walipofika kwangu wakatazamana. "Ndiyo hapa, mlango wa kijani." Hodi, karibuni, wakaketi. Unajua tulivyolelewa wewe na mimi: mgeni haulizwi kilichomleta mpaka amalize kula na kunawa. Mama yetu angefufuka anichape. Basi nikapakua wali, maharage, samaki aliyebaki. Wakala kimya, ule ukimya wa heshima. Kisha yule mwanamke akaiona ile picha ukutani, Kijiko mdogo na kijiko chake mdomoni, akauliza ni nani.

"Binti yangu," nikamwambia. "Mhariri mkuu wa gazeti, huko mjini."

"Ndiye aliyetuelekeza hapa!"

"Mnajuana?"

"Kwa maandishi yake tu, mama. Hatujawahi kuonana."

Kwa maandishi! Umeelewa? Mtoto anaandikiana na mtu, ukoo wa mtu unakuja kuchungulia nyumba aliyotoka binti. Hata sisi tulichunguliwa hivyo hivyo. Walipoondoka nikakuta pesa chini ya sahani. Nikakimbia nazo mpaka kituoni, basi lilikuwa limeshageuza. Nimezitia kwenye kopo la majani ya chai, ni za harusi hizo.

Jumamosi ya pili wakaja sita. Juzi kumi na mmoja, wengine wakijitambulisha wao kwa wao hapo hapo barazani, ukoo mkubwa sana ule. Mmoja akapiga picha sufuria yangu. Sufuria! Nani anapiga picha sufuria kama hapeleki ushahidi kwa wakubwa wake? Na bwana harusi mwenyewe nadhani nimeshamtambua. Mwembamba, ana miwani, anafundisha hesabu. Amekuja mara mbili peke yake, ameongezwa maharage mara mbili, na akaipeleka sahani jikoni akaiosha. Mwanamume anayeosha sahani kwenye nyumba ya watu ana jambo lake.

Wewe unajua Kijiko hajakanyaga hapa tangu Disemba, tangu nilipomwalika yule muuza mabati bila kumwambia, akaacha chakula nusu sahani akaondoka. Miezi minane, mdogo wangu. Kumbe alikuwa anajitafutia mwenyewe, anataka kunionyesha. Amenionyesha. Aje tu.

Dada yako,
Mama Kijiko


Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Dada, shikamoo,

Kigelegele nimepiga. Wateja wawili wameingia mbio kuuliza kuna nini. Nikawaambia mwanangu anaolewa. Wakaniuliza na nani. Hapo, dada yangu, nikabaki na sindano mdomoni.

Anaolewa na nani? Barua yako ina kurasa tatu, nimeisoma mpaka nyuma ya bahasha, hakuna mahali Kijiko mwenyewe amesema neno. Na ukoo gani huo wa watu kumi na mmoja wanaojitambulisha wao kwa wao? Hawajuani? Wamekutana kwako?

Tena huyo Miwani, ulimuuliza jina? Au bado hajashiba?

Sikukatishi furaha. Kitambaa cha gauni lako nimeshakiweka pembeni, kile cha zambarau unachokitamani. Lakini sikikati mpaka nisikie kwa mtoto mwenyewe. Na punguza hilo la mhariri mkuu. Mara ya mwisho ulisema mhariri tu.

Mdogo wako, 
Fundi


Jumapili, tarehe 9 Agosti

Mwanangu Kijiko,

Nimekubali! Usihangaike tena kunificha, mama yako si wa jana. Watu wako wanakuja, wanakula, wanashukuru. Jana walikuwa kumi na wanne, viti vikaisha, wawili wakakalia ndoo. Mwalimu wako wa hesabu, yule wa miwani, nimempenda. Ni mpole, hajui kusifu, anakula tu. Hiyo ndiyo sifa.

Nimeshapanga. Jumamosi ya tarehe 29 wazee wake waje rasmi. Nimemwambia mwenye duka, nimewaambia kina mama wote wa kikundi chetu, nimemwambia fundi seremala, na yule muuza mabati nimemwambia mara mbili ili asikie vizuri. Seremala amenishauri mlango upakwe rangi mpya. Nyumba inayopokea wakwe haiwezi kuwa na mlango uliobabuka. Ijumaa anapaka buluu.

Kabla ya hapo, kama mnataka kutembea na kuzoeana, usimpeleke mjini mkatapanye pesa. Mjini kahawa moja unalipa nauli ya wiki. Huku kwetu mwisho wa basi kila kitu kipo. Kuna kilima nyuma ya tangi la maji, wanasema ukikaa pale unaona ndege zinavyotua, bure kabisa. Kuna shamba la miche ya maua karibu na kiwanda cha matofali, unazunguka kama bustani yako, hakuna anayekulazimisha kununua. Uwanjani Jumapili kuna mpira, na yule wa chipsi ana viti vya plastiki, ingawa mafuta yake yameona mengi. Chai msinywe pale wanapoosha magari, maji yamepita tu karibu na majani. Sijawahi kuinywa, ila kuna vitu mtu anavijua.

Mimi nitakaa mbali, siwafuati. Ila njoo, mwanangu. Njoo hata kabla ya tarehe.

Mama yako anayejivunia wewe,
Mama Kijiko


Alhamisi, tarehe 13 Agosti

Mama, shikamoo,

Naolewa na nani?

Nimeisoma barua yako kazini, mara ya pili nikaisoma kwa sauti, mwenzangu wa meza ya pili akanipongeza. Mama, sina mchumba. Sina mwalimu wa hesabu. Hesabu nilipata sifuri, unakumbuka, ukawaambia watu karatasi zilichanganywa. Hao watu kumi na wanne siwajui, na anwani yetu sijampa mtu. Tafadhali usiendelee kuwalisha watu usiowajua. Muulize mmoja tu ametumwa na nani.

Na jambo lingine, nilisema siku nyingi nitaliandika. Mimi si mhariri, wala mkuu. Naandika ukurasa mmoja wa Jumamosi: mahali pa kutembea na kula ambapo mtu wa kawaida anaweza. Mwezi wa saba niliandika kuhusu huko kwetu, sehemu saba, na kile kilima chako kimo. Naipenda kazi hii. Nakula kwenye vibanda, naandika kiti kina miguu mingapi.

Disemba sikuondoka kwa sababu ya muuza mabati. Maskini, hakuwa na kosa. Ulimwambia mimi ni bingwa wa kupika. Ukamwambia nina gari. Nilikuwa nimekaa pale pale, Mama, nasikia unamsifu mtu mwingine mwenye jina langu. Nikajiuliza, huyu wa kweli hatoshi kuletwa mezani? Ndiyo maana sahani ilibaki nusu. Ndiyo maana siji.

Sasa umewaalika watu wote kwenye harusi yake huyo mwingine. Mimi nitakuja kama nani?

Mwanao,
Kijiko


Jumapili, tarehe 16 Agosti

Kijiko,

Wametukataa, na bwana harusi ana mke!

Barua yako niliipata Ijumaa, seremala akiwa juu ya ngazi, mlango nusu kijani nusu buluu. Nikasema hiyo ni haya ya mwari, kila binti husema hamjui. Nikamwambia seremala endelea.

Jumamosi nikapika sufuria mbili. Saa sita, kimya. Saa saba, kimya. Nikasimama dirishani nikawaona kwa macho yangu: wanashuka basi, wanapita kiwanda cha matofali, wanahesabu milango, wanafika kwangu, wanautazama mlango, wanarudi! Makundi matatu yalifanya hivyo. Wala hodi. Nikajiuliza nimewakosea nini, chumvi ilizidi? Wali ukagandamana. Kina mama wa kikundi wakapita wakaniuliza, "Mama Kijiko, wakwe leo hawaonekani?" Nikawaambia wamefiwa. Unaona umenifikisha wapi, naua watu nisiowajua.

Saa nane ndipo akaja Miwani. Yeye hakuhesabu milango, alishaijua nyumba. Lakini hakuwa peke yake. Mwanamke mmoja, watoto wawili, na wote watatu wana miwani!

Nikamvuta pembeni. "Huyu ni nani?"

"Mke wangu, mama."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tisa huu."

"Na binti yangu anajua?"

"Binti yako yupi, mama?"

"Wewe umekuja hapa Jumamosi nne, umeongezwa maharage mara nane, umeosha sahani zangu, leo unaniuliza binti yupi?"

"Mama," akasema, jasho linamtoka mpaka miwani inateleza, "sisi tumekuja kula tu."

"Kila mtu anakuja kula tu!"

Mkewe akatutazama, akamtazama mumewe kwa jicho ambalo nalijua. Nikamhurumia yule baba ghafla, hata sijui kwa nini. Watoto walikuwa wameshamaliza bakuli zima. Mkewe akaniomba nimfundishe maharage. Nikamfundisha, ningefanyaje, alikuwa ameshanawa. Wakaondoka, na chini ya sahani wakaacha pesa tena. Mwanamume anayemdanganya binti yako anakuja na mkewe, anakulipa?

Kichwa kinaniuma, Kijiko. Sielewi kitu. Hilo la Disemba nimelisoma. Nimelikunja, nimeliweka chini ya kopo. Nitalijibu nikiweza.

Mama yako


Jumatano, tarehe 19 Agosti

Dada, kaa chini. Usisome umesimama.

Jana mteja wangu alikuja kuchukua blauzi. Nikamhadithia mkasa wako, nisamehe, ni mtamu. Akanitazama. Akasema, "Mlango wa kijani? Mwisho wa basi?" Akatoa simu yake, akanionyesha ukurasa wa mwanetu: Sehemu Nane za Kutembea na Kula Bila Kuumiza Mfuko. Saba ni zile unazozijua, kilima, shamba la miche, chipsi za uwanjani. Ya nane nimeinakili yote kwa mkono wangu, ndiyo maana mwandiko umepinda mwishoni:

"Nane. Kwa Mama. Shuka kituo cha mwisho, pale basi linapogeuza. Pita kiwanda cha matofali, hesabu milango upande wa kushoto, wa tano ni wa kijani. Usigonge, sema hodi. Huchagui chakula, unakula kilichopo. Hutaulizwa umetoka wapi mpaka ushibe. Kiti cha dirishani kina mguu mmoja mfupi, kikalie upande. Nimekula kwenye vibanda vyote vya huku na sijapata maharage kama yale. Mimi sijaenda siku nyingi. Ukifika, kula na fungu langu."

Basi, dada. Hakuna ukoo, hakuna mchumba. Ni watu wanaosoma gazeti, wana Jumamosi moja na pesa kidogo, wakaja kula mkahawani. Mkahawa ni wewe. Ulipopaka mlango buluu wakapotea.

Yule mwalimu wa watu kaonewa, mtafute umwombe radhi kabla mkewe hajamfukuza.

Kijiko nimempigia. Amesema atakuandikia mwenyewe.

Mdogo wako,
Fundi


Alhamisi, tarehe 20 Agosti

Mama,

Mama mdogo ameniambia yote. Ni mimi.

Niliandika sehemu saba. Mwishoni nikaweka maneno machache ya kufungia, hayakuwa na namba, hayakuwa tangazo, wala sikudhani kuna mtu atayafuata kama anwani. Mkubwa wetu wa kazi akaona nane inajaza ukurasa vizuri kuliko saba, akaweka namba. Mimi sikuutazama ulipotoka. Sikutaka kuyaona maneno yale yakiwa mbele ya watu.

Nilipoyaandika nilikuwa nimetoka kula chipsi pale uwanjani. Nilikuwa huko, Mama, hatua mia tatu kutoka kwako. Niliuona mlango. Nikahesabu, nikafika wa tatu, nikarudi kituoni. Kumbe nimewaelekeza wengine wafike badala yangu.

Kazini wako tayari kuifuta namba nane na kuandika kwamba tulikosea, ile si hoteli bali ni nyumba ya mtu. Nimewaomba wasubiri nikuulize. Useme wewe. Na kwa wale uliowaalika tarehe 29, nipe maneno, nitawaandikia kila mmoja kwamba kosa ni langu.

Kijiko


Jumapili, tarehe 23 Agosti

Isifutwe! Wakifuta nakuja mwenyewe hapo kazini kwenu na mwiko.

Mwanangu Kijiko, na wewe mdogo wangu Fundi, barua hii nimeandika mara mbili, kila mtu yake, asije mmoja akasema hakuambiwa.

Niliposoma ile ya nane nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye mguu mfupi, na nilikuwa nimekikalia upande. Niliirudia na kuirudia mpaka jirani akaja kuuliza kama naumwa.

Kwanza, Miwani. Nilimwendea nyumbani kwake na bakuli la maharage, nikamweleza mkewe mbele yake tangu mwanzo. Mkewe alicheka mpaka akavua miwani. Alidhani mumewe ana mwanamke mwisho wa basi, kumbe ana maharage. Tukawa marafiki hapo hapo.

Pili, lile kopo. Niliona pesa zile si za harusi wala si zangu, ni za matembezi, basi zirudi kwenye matembezi. Jana nimefunga jiko, nimemchukua mke wa Miwani, tumezunguka zote saba kwa kufuata ukurasa wako, yeye anasoma, mimi nakagua. Kijiko, miaka ishirini na miwili nimekaa hapa na kile kilima sijawahi kukipanda. Ndege zinapita hapa, karibu na kichwa, unaona hata madirisha. Nilipiga kelele kama mtoto. Shamba la miche umeandika sawa. Chipsi umezisifu mno, hapo ulikosea. Chai ya pale wanapoosha magari nimeinywa. Ni nzuri. Nimewaomba radhi kimoyomoyo.

Nilikuwa najua huandiki uongo. Ila sikujua kwamba kusema jambo lilivyo kunaweza kupendeza hivyo. Mguu mfupi wa kiti umeusema na watu wakaja kukikalia. Mimi ningesema kina dhahabu.

Tatu, majirani. Leo asubuhi nimepita nyumba kwa nyumba. Nimesema, harusi hakuna, wala hakuna aliyefiwa. Nimesema, binti yangu si mhariri. Mwenye duka akaniuliza, "Sasa ni nani?" Nikamwambia ni mwandishi wa ukurasa wa Jumamosi, anakula vibandani na kuandika, hana gari, anapanda basi, hana mume, na kupika hajui kabisa, anaunguza hata maji. Muuza mabati alikuwepo. Akasema, "Mama Kijiko, mbona huyu anapendeza kuliko yule wa kwanza?" Nikamwambia nyamaza, hakuna aliyekuita. Lakini kweli anapendeza. Huyo ndiye ninayemtaka mezani.

Walioalikwa sikumwambia hata mmoja asije. Watakuja tu, mimi sipiki tena kwa ajili ya wakwe, napika kwa ajili ya namba nane. Mwambie mkubwa wako aongeze kwenye ukurasa: Jumamosi tu, na waje na viti. Mdogo wangu, kata hicho kitambaa cha zambarau. Gauni halihitaji harusi. Panda basi la alfajiri.

Seremala alinuna, anasema buluu ni rangi ya kisasa. Nimempa brashi. Mlango umerudi kijani, wa tano upande wa kushoto, haujakauka vizuri, usiuegemee. Ukifika wa tatu usigeuke, mwanangu, bado miwili. Sitakuuliza umetoka wapi mpaka ushibe. Fungu lako wamelila wageni wiki tano, safari hii nalikalia mwenyewe.

Nawangoja wote, wewe Kijiko, wewe Fundi, Miwani na wenye miwani wake, kina mama wa kikundi, na kila anayeweza kuhesabu mpaka tano: Jumamosi, tarehe 29 Agosti, saa saba mchana.

Mama Kijiko